Ndege za nauli chee na hewa ukaa: tazama pale mfuko na mazingira vinapogombana

Kibarua wa Epron (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye chai aisogeze karibu.

Wiki iliyopita humu kulikuwa na ubishi kwenye uzi wa nauli. Mmoja anasema mashirika ya ndege ya bei chee ndiyo yanayoharibu hali ya hewa, yafungwe tu, watu warudi kwenye basi. Mwingine anamjibu kwamba hayo ndiyo masafi kuliko yote kwa kuwa yanajaza siti. Kurasa 3 za kuitana majina. Mimi nimekula miaka 7 kwenye epron, yaani maegesho ya ndege uwanjani, kazi yangu ikiwa kukokotoa uzani wa ndege kabla haijaondoka: abiria wangapi, mizigo kiasi gani, mafuta kiasi gani, nani asogezwe nyuma ili pua isielemee. Shirika nililolifanyia kazi sitalitaja, na msije PM kuniuliza. Ninachokijua ndicho ninachokishusha.

Tuanze na hesabu ndogo. Kilo 1 ya mafuta ya ndege, Jet A-1, ikiungua hutoa kilo 3.16 za hewa ukaa. Msishangae kilo 1 kuzaa 3. Kaboni iliyomo kwenye mafuta hushikana na oksijeni ya hewani, na hiyo oksijeni ndiyo inayoongeza uzito. Hakuna chujio la kufunga nyuma ya injini. Ukiunguza kidogo umechafua kidogo, ukiunguza kingi umechafua kingi, basi. Na kwa shirika la nauli chee mafuta ndiyo donda lenyewe: bei ikipanda kidogo tu, faida ya mwezi imekwenda na maji. Kwa hiyo bahili hujikuta mwanamazingira hata kama hajawahi kupanda mche mmoja.

Ndiyo maana ubahili mwingi unaotuudhi abiria una faida yake. Zile siti zilizobanana mpaka goti linajua jina la aliyekaa mbele? fastjet ilipoanza Dar mwishoni mwa 2012 iliweka siti 156 kwenye Airbus A319, ndege ambayo mashirika ya kawaida huiwekea 120 na kitu, wakijitahidi sana 140. Ryanair kule Ulaya wakajitengenezea Boeing 737 yenye siti 197 mahali pa 189, na kila siti inakula mafuta pungufu kwa asilimia 16 kuliko ile ya zamani. Mwaka 2022 hao hao wakaanza kufunga ncha mpya za mabawa kwenye 737 zaidi ya 400 ili waokoe asilimia 1.5. Moja nukta tano! Wewe unacheka, mhasibu wao hacheki. Mikoba ya ramani ya marubani iliyokuwa na uzito wa zaidi ya kilo 15 imekuwa tableti. Chakula kinauzwa, kwa hiyo hakipakiwi cha kwenda kutupwa.

Lakini kubwa kuliko yote ni siti tupu. Chukua Q400, ile ndege ya mapangaboi ya Bombardier, yenye siti 78. Safari ya kama saa moja inaunguza, kwa kukadiria, tani 1 ya mafuta. Hiyo ni tani 3.16 za hewa ukaa. Ikijaa, kila abiria kabeba kilo 40 na ushee. Wakipanda watu 39, kila mmoja anabeba kilo 81. Ndege ile ile, rubani yule yule, anga lile lile. Ukiuza siti ya mwisho kwa bei ya kutupa, mafuta yanayoongezeka ni ya kumbeba huyo mtu na begi lake tu. Kwa hiyo yule aliyesema kujaza siti ni usafi hakukosea.

Halafu kuna suala la pangaboi. Mnakumbuka 2016 Bombardier zilipofika tulivyozicheka? Ati tumenunuliwa feni. Wakuu, kwa safari ya kilometa 400 au 500 lile feni ndilo lenye akili. Jeti linahitaji kupanda juu sana ndipo lianze kula kwa adabu, na kwa safari fupi likishafika juu muda wa kushuka umewadia. Pangaboi linachelewa dakika 10 au 15, lakini mafuta yake kwa siti ni pungufu kabisa. Jambojet ya Kenya ilianza Aprili 2014 na Boeing 737-300, baadaye ikahamia Q400, na sidhani kama walifanya hivyo kwa mapenzi ya miti. Kuna faida nyingine isiyosemwa: ile michirizi myeupe ambayo jeti huiacha nyuma nayo hupasha dunia joto, kwa kuwa huziba joto lisitoke. Pangaboi linaruka futi 25,000 hivi, na kwa joto letu la ikweta hewa ya kimo hicho haijawa baridi kiasi cha kufanya michirizi.

Mpaka hapo mfuko na mazingira ni marafiki. Shirika halihitaji kusifiwa kwa hayo, maana lingeyafanya hata kama dunia ingekuwa inapoa. Ninachotaka kuwaambia ni kwamba ukitaka kulijua shirika, litazame pale viwili hivyo vinapogombana.

Nakumbuka jioni moja Mwanza. Ndege imetoka Dar, imetua, abiria wanashuka huku upepo wa ziwa unapeperusha mitandio. Gari la mafuta limeegeshwa pembeni, dereva wake kaweka viwiko juu ya usukani anatafuna karanga. Ana wiki nzima hajaitwa na sisi. Kapteni ananikabidhi karatasi, nasoma mabaki ya matangi: ya kurudia Dar yapo, ya akiba yapo, na kidogo juu yake. Yote yalipakiwa Dar. Kwa nini? Kwa sababu Mwanza lita moja ni ghali kuliko pwani. Wenyewe tunaita tankaringi, yaani unageuza ndege yenye abiria kuwa gari la kusomba mafuta.

Tatizo ni kwamba mafuta nayo ni mzigo. Kanuni ya kukadiria tuliyokuwa nayo: kila saa angani, asilimia 3 hadi 4 ya uzito wa ziada inaungua kwa kuubeba tu. Ukibeba tani 3 za ziada kwa saa moja na robo na kitu, umechoma kilo 130 hivi bure. Mara 2 kwa siku, mwaka mzima, ni karibu tani 95 za mafuta, sawa na tani 300 za hewa ukaa, kwa njia moja tu. Na mhasibu anapiga makofi, kwa sababu tofauti ya bei inalipa hizo kilo 130 na chenji inabaki. Msidhani ni ujanja wetu maskini. Eurocontrol, wasimamizi wa anga la Ulaya, walipiga hesabu mwaka 2019 wakakuta tankaringi huko inaunguza tani 286,000 za mafuta ya ziada kila mwaka, hewa ukaa tani 901,000.

Ugomvi wa pili ni wa chini, kwenye maegesho. Jeti lina kiinjini kidogo mkiani, APU, cha kutoa umeme na ubaridi injini kubwa zikiwa zimezimwa. Kwa ndege ya ukubwa wa A319 kinameza zaidi ya kilo 100 kwa saa. Kinaweza kuzimwa kama kuna jenereta la chini la kuchomeka. Sasa kituo kimoja tulichokuwa tunatua, jenereta lilikuwepo, lakini tairi lilikuwa limekwisha upepo. Miezi 4. Tairi! Kila ndege ikija, vijana wanalitazama, wanalizunguka, APU inanguruma dakika 40. Kukodi jenereta la wenzetu jirani kulikuwa na ankara, na ankara inaonekana kwenye vitabu. Kilo 70 za mafuta hazionekani, zimefichwa kwenye bili kubwa ya mwezi. Hapo utaona kwamba hata ule urafiki wa mfuko na mazingira unahitaji mtu wa kuuangalia.

Wa tatu ni ndege kuukuu. Jeti la miaka 25 linakodishwa kwa bei ya mtumba. Shirika changa lisilo na mtaji linalichukua kwa sababu kodi ni ndogo, kisha linalipa kwa mafuta kila siku. Siwalaumu sana, benki haikopeshi ndoto. Ila usiniletee tangazo la kijani ukiwa na ndege ya namna hiyo.

Karibuni.

Mswahili wa Likoni

Mleta mada shikamoo, umeandika kama mtu aliyewahi kulowa mvua ya epron. Ila umelinganisha ndege na ndege. Huku kwetu Mombasa, tangu Madaraka Express ianze katikati ya 2017, mtu wa Nairobi ana treni ya mwendo wa saa 5 hivi. Siti ya kawaida ni shilingi 1,500 za Kenya tangu nauli ilipopandishwa Januari 2024. Na hiyo ni treni ya dizeli. Hata hivyo ukigawanya moshi wake kwa abiria wote wa yale mabehewa, ndege haisogei karibu. Sasa shirika la nauli chee likija na promosheni ya kumtoa mtu kwenye treni, siti imejaa kweli, lakini imejazwa na nani?

Mimi nilikuwa mteja wa treni. Nikaona tangazo, nikapanda ndege mara 6 mwaka mmoja kwenda kumwona dada yangu Syokimau, pembeni ya Nairobi. Kabla ya hapo nilikuwa naenda mara 2. Kwa hiyo ile kilo 40 yako kwangu haikuwa badala ya kitu. Ilikuwa mpya kabisa.

Kibarua wa Epron

Marahaba. Umenigusa penyewe, na hilo ndilo nililoliruka kwa makusudi nione nani atalitaja. Nauli ikishuka watu huongezeka, na watu wakiongezeka ndege huongezeka. Ryanair kwa abiria mmoja kwa kilometa moja wako vizuri kuliko mashirika mengi ya Ulaya. Ila hesabu za mwaka 2018 zilipotoka, walikuwa na tani milioni 9.9 za hewa ukaa na wakaingia kwenye orodha ya wachafuzi 10 wakubwa wa Umoja wa Ulaya. Wengine wote 9 walikuwa mitambo ya umeme wa makaa ya mawe. Safi kwa siti, mchafu kwa jumla.

Kwa huku kwetu dawa yake naiona kwenye Dodoma. Tangu Julai 2024 treni ya SGR ya umeme inatoka Dar hadi Dodoma kwa muda wa saa 3 na nusu hivi. Ukihesabu foleni ya kwenda uwanjani, kufika mapema, kusubiri begi, ndege haikupi kitu. Shirika lenye akili lingepunguza safari hizo lenyewe na kupeleka ndege kule ambako treni haifiki na barabara ni mateso. Je, litakubali? Dodoma kuna waheshimiwa na posho za safari. Njia tamu haiachwi hivi hivi.

Mzee wa Basi la Usiku

Nyie watu mna raha. Afrika nzima abiria wake wa ndege ni kama asilimia 2 tu ya dunia, na nyie mnakaa kumhesabia dada wa Syokimau kilo 40. Mimi nimesafiri Dar hadi Bukoba kwa basi kwa miaka 20, nimelala Singida bila kupenda, nimesukuma basi Manyoni. Mara ya kwanza napanda ndege nilikuwa na miaka 46, nauli ya ofa. Mama alikuwa mahututi. Nilimkuta anaongea. Kwa basi nisingemkuta.

Sasa mtu ananiambia nauli ishushwe au ipandishwe kwa ajili ya mazingira? Waanzie kwao wanaokwenda wikiendi kunywa bia nchi ya jirani.

Kibarua wa Epron

Mzee wangu, pole, na hakuna humu anayesema ungebaki kwenye basi. fastjet walipokuwa hapa walisema karibu theluthi ya abiria wao walikuwa wanapanda ndege kwa mara ya kwanza. Nauli ilianzia shilingi 32,000 kabla ya kodi, mkiwahi. Nimewaona watu hao kwa macho, mtu anavua viatu mlangoni mwa ndege. Mimi sidai nauli ipande. Nadai jenereta lizibwe tairi.

Fundi Spana

Nacheka kwa sababu najua tairi lenyewe, au ndugu yake.

Niongeze ya karakana. ATR, pangaboi jingine kama Q400, haina APU kabisa. Ikiegeshwa bila jenereta la chini, rubani anaacha injini ya kulia inawaka huku panga lake limefungwa breki, lisizunguke. Tunaita hali ya hoteli. Abiria anaona panga limesimama anadhani injini imezimwa. Haijazimwa, inakunywa. Kwa hiyo kwa pangaboi la aina hiyo jenereta la chini lililo zima ni la lazima kuliko hata kwa jeti.

Pili, kuosha injini. Maji tu, yaliyochujwa, unayapuliza ndani huku injini inazungushwa bila kuwashwa. Vumbi letu na chumvi ya pwani hujibandika kwenye vile vijipanga vya ndani, hewa haipiti sawasawa, injini inalazimika kula zaidi ili itoe nguvu ile ile. Ukiiosha kwa ratiba unarudisha karibu asilimia 1. Gharama yake ni maji, saa chache za usiku na vijana 2. Hakuna atakayekupiga picha ukifanya hivyo.

Tatu, kutembea ardhini kwa injini moja. Jeti likishatua, injini zipoe dakika 3 hivi, unazima moja, unaburuta na nyingine hadi maegesho. Kwenye viwanja vyetu vidogo faida ni ndogo kwa sababu safari ni ya dakika 4. Pale penye foleni ndefu ya kuruka ndipo inalipa.

Ila mleta mada, kwenye ndege mpya usiwe mwepesi. Injini mpya zinakula kidogo kwa asilimia 15 au zaidi, kweli. Lakini ulisikia ya Pratt & Whitney? Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba unga wa chuma uliotumika kwenye baadhi ya vipuri vya injini zao mpya ulikuwa na kasoro. Wizz Air, wa nauli chee kule Ulaya, wakaegesha makumi ya Airbus zao mpya kabisa kusubiri ukaguzi. Ndege safi iliyoegeshwa nafasi yake inachukuliwa na kuukuu la kukodi.

Nje ya Baridi

Salaam kutoka Ujerumani. Huku vita vimeshahama kutoka kwenye siti hadi kwenye maneno. Februari 2020 wasimamizi wa matangazo wa Uingereza walipiga marufuku tangazo la Ryanair lililojiita shirika lenye utoaji mdogo kuliko yote, kwa kuwa halikuthibitishwa vya kutosha. easyJet nao Novemba 2019 walitangaza kwamba watafidia hewa ukaa ya safari zao zote, yaani wanalipia miradi ya miti na nishati kwingine. Abiria tukafurahi, tukaruka bila dhamira kutusuta. Mwaka 2022 wakasema wanaacha, fedha zinakwenda kwenye ndege mpya na teknolojia. Mimi niliona huo uamuzi wa kuacha ndio wa maana kuliko ule wa kuanza. Mti unakua kwa miaka 30, moshi umetoka leo asubuhi, na msitu ukiungua hakuna anayerudi kukudai nauli ya kaboni.

Kinachobana kweli huku ni sheria. Kwa safari za ndani ya Ulaya shirika hununua vibali vya kila tani inayotoa, na vile vya bure vilipunguzwa kwa robo mwaka 2024, nusu mwaka 2025, na kuanzia 2026 vimekwisha. Juu yake, wauza mafuta kwenye viwanja wanalazimika kuchanganya mafuta yasiyo ya petroli: asilimia 2 tangu 2025, asilimia 6 ifikapo 2030, 70 mwaka 2050. Sheria hiyo hiyo imegusa na tankaringi ya mleta mada: shirika linatakiwa kujaza kwa mwaka angalau asilimia 90 ya mafuta yake kwenye uwanja linapoondokea.

Afrika Mashariki je, mafuta hayo mbadala yapo?

Kibarua wa Epron

Hiyo asilimia 90 nitaenda nayo kulala, ahsante sana.

Mbegu zipo, mafuta hayapo. Kenya, kampuni ya Eni ya Italia ilifungua kiwanda cha kukamua mbegu Makueni mwaka 2022, nyonyo zikiwemo. Mafuta ghafi yanapakiwa melini kwenda Gela, Sicily, yanasafishwa huko. Mei 2023 Kenya Airways walirusha ndege Nairobi hadi Amsterdam ikiwa na mchanganyiko wa mafuta mbadala kutoka Eni. Yaani nyonyo inalimwa Ukambani, usafishaji unafanyika Italia. Bei ni mara 2 na zaidi ya mafuta ya kawaida. Shirika la nauli chee la safari za ndani haliwezi kubeba bei hiyo peke yake, na lisijifanye linaweza.

Binti Kisarawe

Naomba niwakatize kwenye mbegu, maana hapo mnaongea kama watu wasiowahi kuona.

Nilikuwa na miaka 14 wawekezaji walipokuja na mibono kaburi, ile wazungu wanayoiita jatropha. Tukaambiwa ni mmea wa maajabu, unakua penye ukame, mbegu zake zinarusha ndege. Na kweli, Desemba 2008 Air New Zealand walirusha Boeing 747 ya majaribio ikiwa na mchanganyiko wa mafuta ya mibono, kwa hiyo hawakudanganya. Ardhi ya vijiji ikachukuliwa. Mama akaajiriwa kupalilia, akanunua baiskeli na bati 12. Kufika 2011 mradi ukafa. Kazi imekwisha, ardhi haikurudi, na pori tulilokuwa tunaokota kuni, uyoga na dawa lilikuwa limeshafyekwa. Kisima tulichokuwa tunachota kikawa ndani ya shamba. Mibono yenyewe penye ukame inaishi kweli, lakini haizai. Ili izae inataka ardhi nzuri na mvua, kama mahindi.

Bati 12 bado ziko juu ya nyumba ya mama. Kwa hiyo shirika likiniambia linaruka kwa mbegu, swali langu la kwanza ni shamba la nani. Mafuta yaliyokaangiwa chipsi ya hoteli za Dar na Zanzibar yanakwenda wapi? Waanzie hapo kabla ya kugusa ekari ya mtu.

Fundi Spana

Binti kaua. Na mafuta ya chipsi ni malighafi halali kabisa ya mafuta ya ndege, huko nje ndiyo yanayogombaniwa.

Dereva wa Masafa

Mleta mada nimekusoma tangu mwanzo nikiwa Nzega nasubiri mwenzangu azibe pancha, na nina ugomvi na wewe.

Hayo mafuta ya Mwanza unadhani yanaota ziwani? Nayapeleka mimi. Dar mpaka Mwanza ni kama kilometa 1,150, na tanki langu ni lita 36,000. Nikienda nimejaa nakula lita 45 kwa kilometa 100, nikirudi mtupu 30. Ukiacha tankaringi mimi napata kazi, nashukuru, lakini moshi hukuuondoa. Umeuhamishia kwangu.

Kibarua wa Epron

Mkuu umenikamata shati. Ngoja nipige hesabu mbele ya watu.

Kwenda lita 517, kurudi lita 345, jumla 862. Gawanya kwa lita 36,000 ulizofikisha: asilimia 2.4. Ndege kubeba mafuta hayo hayo ilikuwa inachoma asilimia 4 na kitu. Kwa hiyo lori bado linashinda, ila si kwa kiasi nilichojigamba nacho. Zile tani 300 zangu za mwaka nikikutoa wewe zinabaki 130 hivi. Narekebisha, nusu na ushee ya uokoaji niliotaja ilikuwa yako.

Dereva wa Masafa

Sawa, umekubali kiume. Na usiseme nirudi na mzigo, tanki la mafuta halibebi dagaa.

Ila reli ya kati ya zamani inafika Mwanza, na mabehewa ya mafuta yapo. Siku mafuta ya uwanja yakija yote kwa reli, hesabu yako inakaa vizuri, na bei ya Mwanza ikikaribiana na ya Dar mhasibu wenu ataacha tankaringi mwenyewe bila kuhubiriwa. Mimi nitabeba saruji.

Kibarua wa Epron

Hapo umemaliza kuliko mimi niliyeanza. Shirika haliwezi kujenga reli, lakini linaweza kwenda kukaa meza moja na wenye uwanja na wauza mafuta likaahidi kununua kiasi fulani Mwanza mwaka mzima. Gari lile la mafuta lililokuwa linakaa wiki bila kuitwa ni ghali kwa sababu hiyo hiyo. Wachache wananunua, kila lita inabebeshwa mshahara wa dereva na karanga zake.

Mswahili wa Likoni

Swali la mwisho nilale. Sisi abiria wa kawaida hatuoni karatasi za mafuta. Tutajuaje shirika hili lina adabu na lile halina?

Kibarua wa Epron

Karatasi hutaziona, ila dirisha unalo. Ukipanda ATR omba siti ya upande wa kulia, karibu na injini. Mkiwa mmesimama watu wanapanda, tazama panga limetulia, kisha tazama nyuma ya injini kama hewa inacheza kama juu ya lami ya saa 8 mchana. Ukiona inacheza, iko hotelini inakunywa. Halafu ukishuka, pita pembeni ya pua uone kama kuna waya mnene umechomekwa. Na kama jenereta lipo limekaa upande, litazame tairi.

Fundi Spana

La mbele kushoto.